Mistari mitano: sinkweni, tanka, limeriki au takhmisa?

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho wa humanite, yaani sekondari, hapa Goma. Jumapili moja alikuja kwangu na kazi ya nyumbani: shairi la mistari mitano, lugha yoyote, mada ni mji wako. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye kivuli cha ukuta, nakunywa chai. "Mjomba," akasema, "ni mistari mitano tu. Dakika kumi tumemaliza."

Tulimaliza siku ya tisa.

Mwalimu wake wa Kifaransa alikuwa amewapa neno moja, kintili, akaishia hapo. Kintili ni ubeti wa mistari mitano, basi. Haikuambii mistari iwe mirefu au mifupi, iwe na vina au isiwe navyo. Ni sawa na kumwambia mtu anunue kitambaa cha mita tano bila kusema anashona nini. Lakini yapo maumbo ya mistari mitano yenye desturi zake kamili, na kwa sisi tunaoandika Kiswahili naona manne yanastahili kujaribiwa: sinkweni, tanka, limeriki na takhmisa. Nilimwambia tuchukue kitu kimoja tukiandike mara nne, tuone umbo gani linakipenda. Kitu chenyewe hatukukitafuta mbali, maana ukuta niliouegemea ni wa mawe meusi ya volkano, kama kuta nyingi za mji huu.

Kwa mwenye haraka, hali ni hii:

| | Sinkweni | Tanka | Limeriki | Takhmisa |
|---|---|---|---|---|
| Asili | Marekani, mwanzo wa karne ya 20 | Japani, zaidi ya miaka 1,200 | Kiingereza, ilienea karne ya 19 | Kiarabu, kisha pwani ya Waswahili |
| Kipimo | silabi 2-4-6-8-2 | silabi 5-7-5-7-7 | mapigo (silabi zenye mkazo) 3-3-2-2-3 | mara nyingi mizani (silabi) 16 kila mshororo (mstari), 8 na 8 |
| Vina | hakuna | hakuna | a a b b a | vya kati na vya mwisho |
| Mstari wa tano | unakatika ghafla | unaacha mlango wazi | unarudi ulikotoka | unagonga msumari |

Safu ya mwisho ndiyo niliyomwambia aitazame kwanza. Mistari minne ya mwanzo mtu yeyote ataijaza. Ukijua unataka wa tano ufanye nini, umekwisha chagua umbo.

Kwanza ujue kuhesabu

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na hapa ndipo Kiswahili chetu cha Kongo kinatupa msaada ambao watu wa pwani hawana. Swali la kila anayeanza ni hili: "mtu" ni silabi moja au mbili? "Mbuzi" je? Washairi watakujibu kwamba m ya "mtu" inasimama peke yake, kwa hiyo ni m-tu, mbili. Na m ya "mbuzi" imeshikana na b, kwa hiyo ni mbu-zi, mbili pia, wala si tatu. Sawa, lakini utajuaje ipi inasimama na ipi imeshikana?

Sema neno kama tunavyolisema nyumbani. Sisi tunasema mutu, muti, mulima, mugeni, muji. Hiyo "mu" inakuonyesha kwamba m ya kitabuni ni silabi kamili. Sasa jaribu kusema "mubuzi" au "muboga". Hakuna mtu anayesema hivyo, kwa hiyo m hiyo haihesabiwi peke yake. Hata maneno mafupi yanayosumbua yanajibika: "nchi" sisi ni inchi, mbili, "mbwa" ni imbwa, mbili, "nne" ni ine, mbili. Mwalimu akikusahihisha kwa kuandika imbwa, msahihishe tahajia, lakini usiache kuhesabu kwa sikio la nyumbani.

La pili ni irabu mbili zinazofuatana. "Juu" ni ju-u, "taa" ni ta-a. Kila irabu ni silabi yake. Wajapani nao wana tabia hiyohiyo: irabu ndefu kwao ni vipande viwili, hata jina la Tokyo wanalihesabu vinne. Ndiyo maana tanka inakaa vizuri kwenye Kiswahili kuliko inavyokaa kwenye lugha nyingi za Ulaya.

Sinkweni: silabi ishirini na mbili, na shida yote iko kwenye mbili za mwisho

Umbo hili lilitungwa na mwanamke wa Marekani, Adelaide Crapsey, aliyezaliwa 1878 na kufa kwa kifua kikuu 1914, kabla hajafika miaka 37. Alikuwa amesoma mashairi mafupi ya Kijapani, akatafuta kitu cha namna hiyo kwa lugha yake. Sinkweni zake zilichapishwa mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mistari inapanuka, mbili, nne, sita, nane, halafu inarudi mbili kwa ghafla, kama mtu aliyekuwa anaongea akakata.

Ugumu wake kwa Kiswahili ni kwamba vitenzi vyetu ni virefu. "Sitakuona" peke yake ni silabi tano. Mstari wa pili umeshajaa na kumwagika. Silabi mbili ni jina tu: moto, ziwa, jiwe, njia. Kwa hiyo sinkweni ya Kiswahili hupenda majina na haipendi maelezo. Jaribio langu la kwanza lilikuwa hivi:

*Jiwe,*
*jana moto,*
*leo ni ukuta;*
*paka anaota jua*
*kimya.*

Niliona nimefanya kazi nzuri, nikampa asome. Akasoma mara mbili. "Mjomba, paka gani anapiga kelele akiota jua?"

Alikuwa na haki. "Kimya" lilikuwa pambo. Silabi mbili za mwisho zikiwa pambo, shairi zima linakuwa pambo, kwa sababu jicho linatua hapo. Nilijaribu "bado", nikajaribu "joto", nikajaribu "Goma", ambalo ndilo kosa la kila anayeandika kuhusu mji wake. Siku ya tatu nikaandika:

*paka anaota jua*
*juu.*

Sasa neno linamweka paka mahali. Lile jiwe lililokuwa moto liko chini ya tumbo lake. Na "jua" na "juu" zinapishana kwa herufi moja, kitu ambacho sikukipanga. Dakika ishirini kwa mistari minne, siku tatu kwa neno moja: hiyo ndiyo bei ya sinkweni, ujiandae.

Kuna sinkweni nyingine, ya shuleni, inayohesabu maneno badala ya silabi: jina moja, sifa mbili, vitenzi vitatu, maneno manne, halafu jina moja tena. Inajazika kama fomu. Kwa watoto wa shule ya msingi ni mchezo mzuri. Kwa Kiswahili haina kipimo chochote, maana "tutakapowakumbuka" ni neno moja na "na" ni neno moja. Tuiache.

Tanka: mwanzo wa jambo na jambo la pili

Tanka ni ya zamani kuliko yote manne. Wajapani walikuwa wakiitunga kabla ya karne ya 8, wakiandikiana barua za mapenzi kwayo, wakijibizana. Silabi zake ni 31. Ile haiku ya mistari mitatu inayojulikana zaidi ilitokana na ukoo huu: kipande cha juu cha 5-7-5 kilikuja kujitenga kikaishi chenyewe. Tanka imebaki na kipande cha chini, 7-7, na humo ndimo utamu wake ulimo. Juu unaonyesha kitu. Chini unageuka: unaonyesha kitu kingine, au kitu kilekile baada ya muda kupita, wala huelezi vinahusianaje.

*Jiwe jeusi*
*lililomeza nyumba*
*ya nyanya yangu:*
*leo anaanika*
*sambaza juu yake.*

Nina maelezo mawili kwa wasomaji wa mbali. Nimeandika "nyanya" kwa sababu hapa kwetu ukisema "bibi yangu" watu wanaelewa mke wako, na wangeniuliza tuliachana lini. Na sambaza ni samaki wadogo wa ziwa Kivu, wale wa kukaanga. Msomaji wa Mombasa ataliona kama kitenzi, aanze kujiuliza nyanya anasambaza nini. Sikulibadilisha. Anayeanika samaki kweli anawasambaza juu ya jiwe, kwa hiyo neno linafanya kazi mbili.

Angalia mstari wa pili. "Lililomeza nyumba" ni silabi saba kwa maneno mawili tu, na ndani yake kuna tukio zima. Kitenzi kirefu kilichoniua kwenye sinkweni hapa kinakuwa mali. Mistari ya tano na saba inalingana na pumzi ya sentensi ya Kiswahili ya kawaida, kama unavyomsimulia jirani. Kwa maoni yangu, anayeanza aanzie hapa. Hatari yake ni moja: kwa kuwa ni rahisi kufikisha hesabu, mtu hujaza mistari miwili ya mwisho kwa kusema alivyohisi. "Moyo wangu walia" ni silabi saba kamili, na ni mstari mbaya.

Limeriki: kichekesho, na tatizo la vina vya bure

Limeriki imechukua jina la Limerick, mji wa Ireland, na aliyeieneza ni Mwingereza Edward Lear kwa kitabu chake cha 1846. Mstari wa kwanza, wa pili na wa tano ina kina kimoja. Wa tatu na wa nne ni mifupi, ina kina chake. Mara nyingi kuna mtu wa mahali fulani na balaa lake.

Kiingereza kinahesabu mapigo, siyo silabi, na kichekesho chake kinatokana na vina vinavyopatikana kwa shida: msomaji anangoja mshairi ataponyoka vipi. Kwetu vina havina shida hata kidogo. Vitenzi vyetu vingi vinaishia -ka au -na. Ukimaliza mistari kwa "akafika, akacheka, akaanguka" hakuna anayeshangaa. Dawa niliyoipata ni kudai kina cha silabi mbili badala ya moja. Na Goma, kwa bahati, imezaliwa kwa ajili ya hilo: Goma, ngoma, homa, soma, choma. Mapigo nikayaacha, nikahesabu silabi 10-10-6-6-10.

*Kaja mgeni mjini Goma,*
*amevaa viatu vya ngoma;*
*mawe yana meno,*
*akakosa neno,*
*jioni miguu inachoma.*

Anayetembea hapa kwa soli nyembamba anajua sikutunga, nimeripoti. Mpwa wangu alicheka, akasema lakini hii haipeleki shuleni. Sawa. Limeriki ni ya karamu na utani wa harusi, ya kumsindikiza rafiki anayehamia Bukavu. Ukiwa na msiba, au na mwalimu asiyecheka, ipite.

Takhmisa: ya kwetu, na inataka sauti

Neno linatokana na tano ya Kiarabu, khamsa. Desturi ya zamani ni ya heshima sana: mshairi anachukua beti za mistari miwiliwili za mshairi aliyemtangulia, anatanguliza mistari mitatu yake kwa kila ubeti, inakuwa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alifanya hivyo kwa shairi linalohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani. Siku hizi takhmisa, au utano, ni shairi lolote lenye mishororo mitano kwa ubeti, kila mshororo vipande viwili, vina kati na mwisho, na mara nyingi mshororo wa tano ni kibwagizo kinachorudi kila ubeti.

*Tarehe kumi na saba, mlima ulifunguka,*
*Ukaja moto si haba, barabara zikawaka,*
*Tukakimbia kwa toba, mpakani tukavuka,*
*Tukarudi na mikoba, nyumba haikuoneka,*
*Jiwe lilotufukuza, ndilo tunalojengea.*

Ni ile Alhamisi ya 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na sisi tukavuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Tanka yangu inazungumzia siku hiyohiyo lakini haiitaji. Takhmisa ina nafasi: mizani 80 kwa ubeti mmoja, karibu mara nne ya sinkweni. Inaweza kusimulia, kutaja tarehe, hata kuhoji.

Nafasi hiyo unailipia. Vina vinne vya -ba katikati na vinne vya -ka mwishoni. "Toba" ilikuja kwa sababu ya kina, nami nikabahatika kwamba watu kweli walikuwa wanaomba. Nilitaka "tukarudi bila nyumba", lakini mba si ba, na mzee yeyote mwenye sikio angenikamata. Kwenye mshororo wa tano "lililotufukuza" lilizidi silabi moja, nikalikata likawa "lilotufukuza". Hiyo ndiyo inkisari, ruhusa ya kishairi inayokubalika tangu zamani. Kwenye sinkweni ningekata hivyo ungeona kidonda. Hapa wimbo unakifunika.

Na usiisome kwa macho. Nilimsomea mpwa wangu kimyakimya kwenye simu akasema ni ndefu. Mama yake akaisoma kwa sauti, kwa mahadhi, huku anachambua sombe (majani ya mihogo), na alipofika mshororo wa tano akaurudia mara mbili bila kuambiwa. Mimi sikumwambia kwamba kibwagizo kinarudiwa.

Udhaifu wake kwa kazi kama hii: takhmisa ya ubeti mmoja inaonekana kama shairi lililokatwa. Umbo hili linataka beti nne, tano, sita, kibwagizo kizidi kukaza kila kinaporudi. Mwalimu akisema mistari mitano tu, unampa mlango bila nyumba.

Basi uchukue ipi?

Una picha moja tu kichwani, tena kali: sinkweni, kama neno la mwisho unalo tayari. Kama hulijui, usianze, utakesha. Una mtu na balaa lake: limeriki. Una tukio zima, au hoja, au wazee watakaokusikiliza: takhmisa, na uombe ruhusa ya kuzidisha beti. Una vitu viwili ambavyo moyoni unajua vinahusiana lakini huwezi kueleza vinahusianaje: tanka.

Mpwa wangu alitaka takhmisa kwanza, kwa sababu mama yake aliipenda. Akakaa nayo siku mbili, akakwama kwenye vina. Yeye 2002 hakuwa amezaliwa. Volkano yake ni ile ya Jumamosi usiku, 22 Mei 2021, alipokuwa mtoto wa miaka kumi na tatu. Nikamwambia aache mizani ya nane kwa nane, aniambie tu alibeba nini usiku ule. Akanyamaza. Kisha akaingia ndani, na baada ya saa nzima akaleta karatasi:

*Mbingu nyekundu,*
*mama ana godoro,*
*mimi na paka.*
*Tulipofika Sake*
*nilibaki na kamba.*

Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena, si kwa sababu nilikuwa na shaka. Nilikumbuka paka wangu wa kwenye sinkweni, aliyeota jua juu ya ukuta bila kazi yoyote, na jinsi mpwa wangu alivyomtazama. Nikamuuliza kama yule wake alirudi.

Akanyanyua mabega. Akauliza kama "mbingu" ni silabi mbili au tatu. Nikamwambia ajaribu kusema "mubingu" aone.